FUNDI MMOJA HUNUNG'UNIKA, CHAMA HUTOA HOJA
Na mwanachama wa Chama cha Kiswahili, Kidato cha Tatu

Ndugu msomaji, hebu tazama mlango wa darasa ulimoketi. Tazama vyuma vya dirisha, tazama lango la shule, kisha uinue macho uone mnara uliobeba tangi la maji. Ukitoka barabarani utakutana na mkokoteni wa punda umesheheni mitungi ya maji. Vitu hivi vyote vimepita chini ya moto wa fundi wa kuchomelea vyuma. Hapa Banissa mtu anaweza kuishi bila gari maisha yake yote, lakini bila mlango na bila mkokoteni atataabika.

Hata hivyo, mkutano wa kujadili bajeti au leseni unapoitishwa, ni nadra sana kumsikia mtu akisimama na kusema, "Mimi nazungumza kwa niaba ya mafundi wa vyuma." Watazungumza wazee, watazungumza wafugaji na wenye maduka. Fundi naye yuko kibandani, kwa sababu akifunga kazi siku hiyo, jioni hana cha kupeleka nyumbani.

Makala haya yananuia kueleza jambo moja tu: jinsi chama cha mafundi kinavyoweza kufikisha haja za kazi yao kwa wale wanaotunga sera. Nimelichagua kwa kuwa abti wangu, yaani mjomba wangu, ni fundi wa kuchomelea, nami humsaidia wakati wa likizo kushika vyuma na kupiga brashi. Pale kibandani nimesikia malalamiko chungu nzima: petroli ya jenereta imepanda, leseni ni ghali, tenda ya madawati imeenda kwa watu wa mbali. Kila likizo nikirudi ni yale yale. Nikajiuliza, kama yanasemwa kila siku, mbona hayafiki?

MALALAMIKO SI HOJA

Kwanza tuelewane kuhusu maneno. Sera ni mpango wa serikali kuhusu jambo fulani: itatoza nini, itajenga nini, itanunua kwa nani. Watunga sera ni wale wenye kalamu ya kuandika mipango hiyo au kura ya kuipitisha, kama wabunge, waakilishi wa wadi, gavana na mawaziri wake, na maafisa wa wizara. Chama cha mafundi ni watu wa kazi moja waliojiandikisha pamoja, wakachagua mwenyekiti, katibu na mweka hazina, wakakubaliana kusema kwa sauti moja.

Sasa tofauti iko hapa. Fundi akisema, "Leseni ni ghali," hayo ni malalamiko. Afisa ataitikia kwa kichwa na kuendelea na kazi yake, kwani hata mwenye hoteli na mwenye duka wamemwambia hivyo hivyo. Lakini chama kikisema hivi: "Leseni hulipwa mwanzoni mwa mwaka. Miezi hiyo ndiyo jilaal, kiangazi kikali, ambapo mfugaji hauzi mnyama kwa bei nzuri na hawezi kuagiza lango. Tunaomba tulipe nusu sasa na nusu baada ya mvua za gu," hiyo ni hoja. Ina sababu, ina wakati, na ina ombi ambalo afisa anaweza kulijibu ndiyo au la. Serikali haipotezi hata senti, na fundi anapata nafasi ya kupumua.

Nilimuuliza abti kama wamewahi kuandika jambo kama hilo. Akanijibu, "Waariya, sisi tunajua kuandika kwa moto, si kwa kalamu." Nilicheka, lakini jibu lile limenikaa moyoni.

HISTORIA YA JUA KALI

Msidhani jambo hili ni geni nchini mwetu. Mwaka wa 1972 ujumbe wa Shirika la Kazi Duniani ulitoa ripoti maarufu kuhusu ajira nchini Kenya. Ripoti hiyo ilisema kwamba watu wa kazi ndogondogo zisizosajiliwa si kero. Wanajiajiri na kuwaajiri wenzao, kwa hiyo serikali iache kuwasumbua na badala yake iwasaidie. Maneno hayo yalikuwa mazuri, lakini yaliandikwa na wataalamu. Mafundi wenyewe waliendelea kugonga vyuma juani, na ndiyo maana kazi zao zikaitwa jua kali.

Mnamo Novemba 1985, Rais Daniel arap Moi aliwatembelea mafundi wa Kamukunji, jijini Nairobi, akaahidi kwamba watajengewa vibanda vya kuwakinga jua. Hapo ndipo likazuka swali la maana sana. Vibanda atapewa nani? Ardhi itaandikwa kwa jina la nani? Serikali haiwezi kuzungumza na maelfu ya mafundi mmoja mmoja. Inahitaji mtu wa kumwandikia barua na wa kumuuliza siku ya pili mambo yamefikia wapi. Basi vyama vya jua kali vikapata nguvu katika miji mingi, kwa kuwa bila chama hakuna wa kupokea kiwanja.

Mwaka wa 1986 waraka wa serikali kuhusu ukuaji wa uchumi uliitambua sekta hiyo. Mwaka wa 1988 ikaundwa wizara ya mafunzo ya kiufundi, na mwaka wa 1992 ukatoka waraka maalumu kuhusu biashara ndogondogo na jua kali. Mwishowe, mwaka wa 2012, Bunge likapitisha Sheria ya Biashara Ndogo na Ndogo Zaidi. Sheria hiyo iliweka msajili wa vyama vya aina hii na mamlaka ya kusimamia sekta nzima. Pia ilieleza biashara ndogo zaidi ni ipi: ile yenye watu wasiofika 10 na mauzo yasiyozidi shilingi 500,000 kwa mwaka. Vibanda vingi vya kuchomelea ninavyovijua vinaingia humo.

Ukipiga hesabu kutoka ripoti ya 1972 hadi sheria ya 2012, utapata miaka 40. Jamani, huo ni umri wa mtu mzima! Funzo ni kwamba chama hakiundwi leo kikavuna kesho. Lakini wasiokuwa na chama huanza kuhesabu miaka yao upya kila anapokuja kiongozi mpya.

MILANGO YA KUBISHA

Katiba ya 2010 ilifungua milango mingi. Kifungu cha 37 kinampa kila mtu haki ya kukusanyika kwa amani na kupeleka maombi kwa wenye mamlaka. Kifungu cha 118 kinalitaka Bunge liwashirikishe wananchi, na cha 196 kinayataka mabunge ya kaunti yafanye vivyo hivyo. Kisha Jedwali la Nne limegawanya kazi. Leseni za biashara, masoko na vyuo vya ufundi vya vijijini ni mambo ya kaunti. Kwa hiyo fundi wa Banissa anayetaka ada ya leseni ibadilishwe hana haja ya kupanda basi hadi Nairobi. Mlango wake uko Mandera, na karibu zaidi uko kwa mwakilishi wa wadi. Eneo letu lina wadi tano: Banissa, Derkhale, Guba, Malkamari na Kiliwehiri. Kaunti nzima ina 30. Tano kati ya 30 si haba, zikizungumza kitu kimoja.

Kubisha mlango sahihi peke yake hakutoshi. Sharti ubishe kwa wakati. Mwaka wa fedha wa serikali huanza tarehe 1 Julai. Kabla ya hapo kuna hatua ambazo zimewekwa na Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012. Kaunti hupeleka mpango wa maendeleo wa mwaka unaofuata katika bunge lake kufikia tarehe 1 Septemba. Kufikia tarehe 28 Februari hupeleka taarifa ya mkakati wa fedha, na kufikia tarehe 30 Aprili hupeleka makadirio ya bajeti. Anayekuja mwezi wa Juni kuomba karakana ya pamoja amekuja wakati nyama imeshagawanywa. Aliyekuja Agosti amekuta mbuzi bado yuko hai.

Sheria hiyo hiyo inaitaka kila kaunti iwe na baraza la bajeti na uchumi, ambamo huketi pia watu wasio wa serikali, wakiwemo wawakilishi wa wafanyabiashara, wafanyakazi, wanawake, watu wenye ulemavu, wazee na makundi ya dini. Mwakilishi huyo hutoka katika vyama. Fundi asiye na chama hawezi hata kupendekezwa.

Kuna na mlango wa Bunge la taifa. Kifungu cha 119 kinamruhusu mtu yeyote kupeleka ombi rasmi Bungeni kuhusu jambo lililo katika uwezo wa Bunge. Kanuni zake ni rahisi kuliko watu wanavyodhani. Ombi linaweza kuandikwa hata kwa mkono. Liwe kwa Kiingereza au Kiswahili, na lugha yake iwe ya heshima. Lieleze kama mambo hayo yamewahi kupelekwa kwa ofisi inayohusika, na kama yako mahakamani au la. Mwishoni waombaji waseme wazi wanataka nini, kisha watie sahihi.

CHAMA HUFANYA NINI HASA?

Watu wengi hufikiri kazi ya chama ni kwenda kumwona mkubwa. Hiyo ndiyo sehemu ndogo kabisa. Kazi kubwa hufanyika kabla ya mkubwa kuonekana, nayo ina hatua nne.

Ya kwanza ni kuhesabu. Nitatoa mfano wa kubuni. Tuseme mji una mafundi 12, na kila mmoja anatumia lita 4 za petroli kwa siku katika jenereta yake. Tuseme lita ni shilingi 200. Kila fundi anachoma shilingi 800 kwa siku, na wote pamoja shilingi 9,600. Kwa siku 25 za kazi hizo ni shilingi 240,000 kila mwezi. Fundi mmoja akienda kuomba umeme wa kutosha kuendesha mashine ya kuchomelea, anaonekana mteja mdogo. Chama kikienda na karatasi inayoonyesha 240,000 kwa mwezi, mwenye kuuza umeme ataona biashara. Ni mafundi wale wale na moto ule ule. Kilichobadilika ni hesabu.

Ya pili ni kukubaliana. Fundi mwenye jenereta kubwa na kijana anayekodi mashine hawana shida sawa. Ni afadhali wagombane ndani ya mkutano wao kuliko mbele ya afisa, kwa sababu afisa akiona mafundi wawili wanapingana, ataahirisha mambo yote mawili.

Ya tatu ni kuandika, kwani maneno ya mdomo huenda na upepo. Ya nne ni kufuatilia. Barua ina tarehe, na chama kina katibu wa kuuliza baada ya mwezi mmoja, "Barua yetu imefika meza gani?"

MAMBO YA KUSEMEA

Mbali na leseni na umeme, yako mambo matatu ambayo yanagusa maisha ya mafundi.

Jambo la kwanza ni zabuni. Sheria ya Ununuzi wa Umma ya 2015 inaitaka kaunti iwatengee wakazi wake angalau asilimia 20 ya ununuzi. Kwamba serikali inaweza kununua kwa fundi wa mtaani si ndoto: mwaka wa 2020, wakati wa korona, serikali ya taifa ilitenga shilingi bilioni 1.9 ili madawati ya shule yatengenezwe na mafundi wa mahali penyewe. Dawati likitengenezwa hapa, fedha zinabaki hapa, na mguu ukivunjika fundi yuko karibu kuurekebisha. Lakini zabuni inataka karatasi za usajili na za kodi. Fundi mmoja huzikimbia. Chama kinaweza kuwasaidia wote kuzipata, tena kikaomba kazi kubwa igawanywe katika mafungu ambayo vibanda vidogo vinaweza kuyamudu.

Jambo la pili ni cheti. Mafundi wengi walijifunza kwa kutazama, hawakuingia chuoni. Mamlaka ya kitaifa ya mafunzo ya viwandani, NITA, hutoa mitihani ya ufundi ya daraja la tatu, la pili na la kwanza. Mtu mmoja kusafiri mbali kwenda kufanya mtihani ni gharama kubwa. Chama kikikusanya majina ya watu wengi, kinaweza kuomba watahini waletwe karibu.

Jambo la tatu ni afya, na hili ndilo linalonitia hofu. Mwaka wa 2017 wataalamu wa shirika la kimataifa la utafiti wa saratani walitangaza kwamba moshi wa kuchomelea unasababisha saratani kwa binadamu, wakauweka katika kundi la kwanza, pamoja na moshi wa sigara. Mwanga wenyewe nao huunguza macho. Nimemwona abti usiku amelala na kitambaa chenye maji juu ya macho, hawezi hata kutazama taa. Kenya ina Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007, lakini mtu aliyejiajiri atamdai nani kinyago? Chama kinaweza kununua vinyago na miwani kwa jumla ili bei ishuke, na kikaiomba kaunti iweke vifaa hivyo katika mipango yake ya kusaidia vijana.

Nje ya nchi vyama vya kazi hii vimefika mbali zaidi. Chama cha wachomeleaji cha Marekani kilianzishwa mwaka wa 1919, na muungano wa kimataifa wa vyama vya kuchomelea ukaundwa mwaka wa 1948. Chama cha Marekani huandika viwango vya kazi, kwa mfano jinsi ya kuunga vyuma vya jengo au daraja, na serikali huvichukua na kuvitumia katika kanuni zake. Wao hawangoji kuulizwa. Wenye kanuni ndio wanaowaendea kwa sababu wanajua kazi. Ujuzi ukiandikwa, unakuwa nguvu.

MBUNGE ASIPOKUWAPO

Huenda msomaji akasema, "Tuna mbunge, chama cha nini?" Sisi wa Banissa tunalo jibu letu. Mwezi Machi 2023 mbunge wetu, Mheshimiwa Kulow Maalim Hassan, aliaga dunia. Mwenyezi Mungu amrehemu. Tume ya uchaguzi haikuwa na makamishna hadi Julai 2025, kwa hiyo uchaguzi mdogo haukufanyika ila tarehe 27 Novemba 2025. Kwa zaidi ya miaka miwili na nusu kiti chetu katika Bunge la taifa kilikuwa kitupu, na bajeti tatu za taifa zilipita. Ni kweli seneta, mwakilishi wa wanawake na waakilishi wa wadi walikuwapo. Lakini hatukuwa na mtu wetu wa kusimama pale na kuitaja Banissa. Kiongozi hufariki, hushindwa, huhama. Chama chenye daftari na kumbukumbu hubaki, na anayekuja hukikuta.

TAHADHARI

Nisije nikakisifu chama mpaka kikaonekana malaika. Kuna vyama vya mtu mmoja na mfuko wake: mwenyekiti hachaguliwi, mhuri anao yeye, na akienda ofisini anaomba lake. Dawa yake ni uchaguzi, hesabu kusomwa mbele ya wanachama, na kumbukumbu za kila mkutano. Pia chama kisigeuke genge la kupandisha bei. Sheria ya Ushindani ya 2010 inakataza vyama vya biashara kupanga bei ya pamoja. Kuisemea kazi ni halali. Kumkamua mama anayetaka mlango si halali. Tena chama kisiwafungie mlango vijana na wasichana wanaotaka kujifunza, maana chama cha wazee watupu huzikwa pamoja nao.

SISI WANAFUNZI TUNAHUSIKAJE?

Darasani tunafundishwa kuandika barua rasmi, kumbukumbu za mkutano na ripoti. Wengi wetu huona ni mambo ya kupata alama tu, tukishafanya mtihani tunayasahau. Lakini angalia mambo yote niliyoeleza hapo juu. Kuhesabu, kuandika ajenda, kunakili kilichokubaliwa, kutunga ombi lenye heshima na linaloeleweka: ni somo letu lile lile. Kiswahili ni lugha ya taifa na ni lugha rasmi kwa mujibu wa Kifungu cha 7 cha Katiba, na Kifungu cha 120 kinakitaja miongoni mwa lugha za Bunge. Fundi hahitaji kungoja mtu wa kumtafsiria ndipo asikilizwe.

Kwa hiyo natoa pendekezo kwa wenzangu wa Chama cha Kiswahili. Likizo ya Agosti inakaribia, na tarehe 1 Septemba kaunti hupeleka mpango wake wa mwaka. Wanachama wawili wawili watembelee vibanda vya kuchomelea mjini, wakiomba ruhusa kwa adabu, waandike idadi ya mafundi, petroli wanayotumia na haja yao kubwa. Tukiwapa mafundi daftari hilo, wao wenyewe wataamua kama wanataka chama na watasema nini. Sisi tutakuwa tumewapa kalamu tu. Kidole kimoja hakivunji chawa, na abti ameniambia kwamba akipata wenzake kumi wa kutia sahihi, yeye atakuwa wa kwanza.